Nipeni nyimbo za kuwakalisha wazee na vijana ua mmoja siku ya Krismasi

BintiWaMwika | Desemba 2, saa 3 usiku

Wakuu habari za jioni. Naandika kutoka Moshi, nina saluni Majengo, na leo nimekuja na shida ya muziki.

Krismasi iliyopita nyumbani kwetu Mwika tulikuwa watu 34. Mbuzi ameshachinjwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, ipo, waliotoka Dar na Mwanza wamefika salama. Mpwa wangu akafunga spika lake chini ya mparachichi akaweka amapiano. Mtoto hakukosea, ule ni muziki wa rika lake, na anavyoucheza hata mimi niliacha kumenya viazi nikamwangalia. Lakini saa nane mchana baba mkubwa akainuka, akachukua kiti chake akaenda kukaa nyuma ya zizi. Kidogo shangazi zangu wawili wakaingia jikoni, wakasema wanaangalia ndizi, na ndizi zilikuwa zimeiva zamani. Mama akawafuata. Kufika saa tisa uani wamebaki vijana watupu. Jioni baba mkubwa akaja akazima spika mwenyewe, bila neno, vijana nao wakatawanyika kila mmoja na simu yake. Ni siku moja tu kwa mwaka tunayokutana wote, tukaigawa vipande viwili.

Mwaka huu nimeomba muziki niusimamie mimi. Flashi ninayo, bado tupu. Orodha za "nyimbo 100 bora" sizitaki, zipo kila mahali. Nataka kila mmoja anipe wimbo mmoja au miwili, aniambie aliusikia wapi, na nani alimwona anasimama kwa ajili yake. Saluni imenifundisha kwamba nyimbo hizo zipo. Redio ikipiga, mama wa miaka 60 anatikisa mguu chini ya draya, na msusi wa miaka 20 anaweka simu chini. Sekunde hiyo ndiyo naitafuta, ila nataka ikae mchana mzima.

Naanza na wa kwangu: "Maria Salome" wa Saida Karoli, ule wengi wanauita "Chambua kama karanga". Ulivuma 2001, nikiwa bado najifunza kusuka kwa watu. Saluni nzima hatukuwa na Mhaya hata mmoja, na wote tuliuimba kwa Kihaya chetu cha kubahatisha. Hadi leo nikiuweka, wateja wawili wasiojuana wanaangaliana kwenye kioo wanacheka.

Mjue na watu wenyewe. Mama ni Mlutheri wa kwaya tangu usichana. Baba mkubwa aliendesha lori kati ya Moshi na Nairobi miaka mingi. Baba yangu hatunaye. Vijana ni kuanzia miaka 9 hadi 25. Karibuni.

FundiRedio_Kaloleni | Desemba 2, saa 4 usiku

Hujambo binti yangu. Nina miaka 69, natengeneza redio hapa Kaloleni, Arusha. Umesema baba mkubwa aliendesha lori kwenda Nairobi, basi jibu langu linapita barabara hiyohiyo.

Mwaka 1970 nikiwa shule ya msingi, walikuja hapa Arusha ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson Kinyonga na George Kinyonga. Huko kwao walikuwa wamepiga na Jamhuri Jazz. Hapa wakaunda Arusha Jazz. Sisi watoto hatukuruhusiwa ukumbini, tulisimama nje kwenye dirisha, na mimi nilikuwa mfupi kwa hiyo nilisikia tu sikuona. Labda ndiyo maana masikio yangu yalishika magitaa kuliko nyuso. Mwaka uliofuata wakaondoka kwenda Mombasa wakajiita Simba Wanyika, baadaye Nairobi, na dunia ikawajua kwa jina hilo. Watu wengi wanadhani ni bendi ya Wakenya. Walirekodi kule kwa sababu kwetu hakukuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, lakini wenyewe ni watu wa Tanga, na Arusha walipita.

Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji wakajitoa Simba Wanyika. Profesa Omar Shabani wa gitaa la rithimu, Tom Malanga wa besi, na Rashid Juma wa ngoma, wakaungana na John Ngereza, ikazaliwa Les Wanyika. Hao ndio wenye "Sina Makosa". Huo ndio wimbo wangu kwako.

Ngoja nikueleze namna ya kuusikiliza maana watu wanaupita juujuu. Usianze na mwimbaji. Anza na besi ya Malanga. Haikimbii, inatembea kama mtu anayekwenda sokoni na muda anao. Juu yake rithimu ya Omar inakatakata vipande vifupi, vilevile, bila kuchoka, na solo ndiyo inayozungumza na mwimbaji. Maneno ni ya mtu anayeuliza kwa nini anachukiwa bila kosa, na kila mmoja ana wake nyumbani. Mzee anasikia kesi ya mtaani kwake, kijana anasikia besi. Wanacheza pamoja kila mmoja kwa sababu yake.

Sasa la muhimu. Enzi zetu wimbo wa dansi ulikatwa mara mbili, sehemu ya kwanza upande mmoja wa santuri, sehemu ya pili ukigeuza. Chemko, pale magitaa yanapopamba moto, mara nyingi liko upande wa pili. Nakala nyingi za kwenye simu ni upande wa kwanza tu, wimbo unakatwa watu wakiwa ndio wanachanganya miguu. Tafuta nakala nzima. Ukikosa nzima, tafuta mbili uziunganishe. Binti, usiwape wazee nusu ya wimbo.

Na muulize baba mkubwa kuhusu mpaka. Ulifungwa 1977, ukafunguliwa 1983. "Sina Makosa" ulitoka katikati ya hapo. Waliokuwa wakituletea santuri kutoka Nairobi hawakupita tena, tukabaki kuutega usiku kwenye Sauti ya Kenya, mkono mmoja kwenye antena. Mimi ufundi redio niliuanzia pale, kwa kutaka huo wimbo usikike vizuri.

ChaliiWaKijenge | Desemba 3, saa 1 asubuhi

Shikamoo mzee wa Kaloleni. Nimekaa Arusha maisha yangu yote na hiyo ya Arusha Jazz sikuwahi kuambiwa.

Dada wa Mwika, mimi naleta Chuga, yaani Arusha yetu. Usiogope neno hip hop, ngoja nieleze. X Plastaz walianza hapa Arusha 1996, na kitu walichofanya hakikuwa kimefanywa: walimweka Merege, Mmasai, aimbe kwa koo la kimasai juu ya midundo ya kufokafoka. Albamu yao ya "Maasai Hip Hop" ilitoka 2004. Bibi yangu mzaa mama ni Mmeru wa huko Tengeru, alikuwa amekaa jikoni nikaiweka sebuleni. Akatoka na mwiko mkononi, akauliza, "Nani amemkaribisha huyo Mmasai bila kunipa habari?" Nikamwonyesha redio. Akaburuta kigoda akakaa. Zile sauti za ndani kabisa za kooni anazijua tangu utotoni, minadani na kwenye sherehe za majirani, na kwake hazikuwa kelele za vijana hata kidogo. Tulimpoteza Faza Nelly mwaka 2006, na watu wa rika langu hapa tunajua tulipokuwa siku tuliyopata habari.

Ushauri wangu: hizo ziweke watu wakila. Hip hop inataka isikilizwe, na mtu mwenye sahani mkononi ametulia.

Wakishashiba, "Hawatuwezi" ya Nako 2 Nako kwa vijana, halafu "Gere" ya Weusi. Weusi ni Joh Makini, mdogo wake Nikki wa Pili, G Nako na wenzao. Mwambie baba mkubwa kwamba Nikki wa Pili ndiye aliyeteuliwa kuwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe mwaka 2021. Wazee wa kwetu nimewaona, wakijua mwimbaji ni mtu mwenye ofisi, wanasikiliza mashairi mpaka mwisho na wanakuta yana akili.

Mpwa wako naye umwachie amapiano zake mbili tatu. Usimnyang'anye kila kitu, atakuchukia hadi Pasaka.

BintiWaMwika | Desemba 3, saa 7 mchana

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma ulichoandika nikiwa na mteja kichwa kimejaa povu, nikamsomea na yeye. Yeye ndiye aliyetafuta nakala nzima kwenye simu yake akanirushia. Kweli, niliyokuwa nayo mimi ilikuwa nusu! Miaka yote nimecheza nusu ya wimbo.

Chalii asante, na mpwa wangu ameshaahidiwa zake tatu. Sasa nimebakiwa na mama. Hapendi kelele, na tangu baba afariki miaka minne iliyopita hachezi chochote. Sitaki kumlazimisha. Nataka tu asiingie ndani.

MwalimuWaKwaya_Machame | Desemba 3, saa 2 usiku

Bwana asifiwe dada.

Nimefundisha kwaya ya usharika miaka 22, nitasema wazi. Wimbo wa Mungu usiuweke kwenye spika katikati ya dansi, mbele ya mtungi wa mbege. Mama yako ataondoka kwa sababu ya huo huo ulioutaka umbakishe. Nimeona harusi nyingi zikikosea hapo: wanapiga wimbo wa kwaya ili kuwafurahisha wazee, na wazee wanaona aibu.

Zima spika. Kabla mtungi haujafunguliwa, kabla ya sala ya chakula, imbeni kwa midomo. Mwombe mama aanzishe "Mfurahini, Haleluya". Najua ni wa Pasaka, wenye kalenda watakunja uso, lakini sikiliza sababu. Aliyeutunga ni Bernard Kyamanywa, mwaka 1966, akiwa mwanafunzi wa uchungaji Makumira, hapo kati ya Usa River na Tengeru, barabara yako ya kila siku ukienda Arusha. Yeye ni mtu wa Kagera, na sauti aliyoitumia ni ya Kihaya. Kwa hiyo na wewe na Saida Karoli wako mmekutana bila kujua. Huo wimbo umetafsiriwa, unaimbwa na Walutheri wa Marekani na Ulaya.

Mlutheri yeyote wa rika la mama yako anaujua kwa sauti zote nne, na utashangaa nani atakayeshika besi. Mwangalie mmoja tu: mama asianze juu. Waanzishaji wa nyumbani wanaanza juu kwa furaha, na kiitikio kikifika hakuna anayeukuta. Mnong'oneze ashushe kidogo.

Mtu akishaimba uani kwa mdomo wake, kuondoka humwia vigumu. Kiti chake kimeshakuwa chake.

MangiWaSinza | Desemba 4, saa 6 mchana

Mimi ni Mmarangu, naishi Dar, Sinza kwa Remmy. Kituo hicho kinaitwa kwa jina la Remmy Ongala mwenyewe, kwa hiyo mtanisamehe nikileta wa nyumbani.

Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar 1978 kupiga na Orchestra Makassy, halafu ndiyo Super Matimila. Alifariki Desemba 2010, mwezi kama huu. Naleta "Narudi Nyumbani". Kila mwaka nasafiri tarehe 22 au 23. Basi linatoka usiku wa manane, watu wamelala, wamechoka, nauli imepanda. Tukishaipita Same, jua limechomoza, naivaa hiyo masikioni. Mwaka juzi betri ya simu ya jirani yangu iliisha, nikampa sikio moja. Mama mtu mzima, hatujuani. Kufika Mwanga alikuwa analia polepole na anatabasamu. Himo tukaagana kama ndugu.

Upige wageni wanaposhuka kwenye gari na mabegi. Usiungoje mchana.

Halafu neno moja. Remmy ana wimbo mwingine mkubwa sana, "Kifo". Ni katika nyimbo nzito kuliko zote nilizowahi kusikia kwa Kiswahili, lakini kwa habari ya baba yenu, huo uuache kabisa mwaka huu. Angalia flashi vizuri, nyimbo za Remmy huwa zinakuja zimeunganishwa.

BintiWaMwika | Desemba 4, saa 3 usiku

Kaka asante sana kwa hilo la mwisho. Nimeangalia. Ulikuwemo, wa nne. Nimeutoa.

BintiWaMwika | Desemba 28, saa 10 jioni

Wakuu nimerudi, saluni nimefungua leo. Nawapa mrejesho kwa sababu mlinipa vitu vyenu vya moyoni, si haki kunyamaza.

"Narudi Nyumbani" nilipiga tarehe 24 gari la kutoka Himo lilipofika na mizigo. Walioshuka hawakuucheza, walisimama tu na mabegi mkononi mpaka ukaisha, ndipo salamu zikaanza.

Tarehe 25 mama akaanzisha "Mfurahini, Haleluya". Akaanza juu! Nilimnong'oneza na bado akaanza juu. Kiitikio cha kwanza kikavunjika, watoto wakacheka, yeye mwenyewe akacheka, jambo ambalo sijalisikia kwa muda. Akashusha, tukaanza upya. Shangazi akashika sauti ya pili. Besi, mwalimu, alishika baba mkubwa, kutoka kwenye kiti chake, macho kafumba. Sikujua anaijua. Baada ya sala hakuhamisha kiti.

X Plastaz wakati wa kula: shangazi mmoja hakupenda, alisema waziwazi. Mjomba aliuliza jina la yule Mmasai mara mbili. "Gere" vijana walicheza na wazee wakaangalia, haikuwa zaidi ya hapo, lakini hakuna aliyeingia ndani. Amapiano tatu za mpwa wangu, hivyohivyo. "Maria Salome" wanawake wote, hadi yule wa miaka 9.

Halafu "Sina Makosa". Besi ilipoingia tu baba mkubwa akasema, "Hao Wakenya walijua kazi." Mjomba aliyefanya kazi Tanga akaruka: Wakenya wapi, hao ni watu wa Tanga! Mzee, walibishana wimbo mzima. Baba mkubwa anasema santuri zao amezinunua Nairobi kwa mkono wake, utamwambia nini. Mjomba anasema Tanga nyumba kwa nyumba. Nikasimamisha muziki, nikampa mpwa wangu simu asome kwa sauti ulichoandika hapa, tangu mwaka 1970 hadi mpaka kufungwa. Vijana wakasogea. Kwenye "usiwape wazee nusu ya wimbo" baba mkubwa akamwambia rudia hapo. Akarudia. Nikauweka upya, mzima. Ulipofika upande wa pili, baba mkubwa akasimama, akamshika mkono mpwa wangu, yuleyule wa amapiano, akamwonyesha kwamba miguu haikimbilii gitaa la solo, inakaa na rithimu. Walikaa pale wawili kwa dakika nzima za chemko. Mama alikuwa kwenye benchi, anapiga magoti yake kwa vidole. Hakucheza. Hakuingia ndani.

Ubishi uliendelea hadi giza, sasa hivi vijana nao wakiwa ndani yake, wanauliza mpaka ulifungwaje, lori lilikuwa likilala wapi. Nilizima spika saa moja na nusu maana lilikuwa linawaziba mdomo.

Mzee wa Kaloleni, baba mkubwa amenituma kwako. Anasema ana santuri nane za Simba Wanyika, alizinunua kabla ya 1977, ziko kwenye sanduku chini ya kitanda. Mashine yake ya santuri haijapiga tangu sindano ikatike, na hapa Moshi kila fundi anamwambia atupe. Anauliza kama unaweza.

FundiRedio_Kaloleni | Desemba 28, saa 1 usiku

Mwambie asitupe kitu. Sindano ninazo za aina tatu, tutajaribu. Mkanda ukiwa umelegea nao nitauangalia.

Aje Jumanne au Jumatano, Jumamosi nina watu wengi hatutapata nafasi ya kusikiliza. Mashine aifunge kwenye blanketi, mkono wake aufunge kwa uzi usichezecheze njiani. Santuri abebe mwenyewe mapajani, zisimame wima, asikubali kondakta aziweke chini ya mizigo. Zote nane.

Na huyo kijana wa amapiano aje naye.